Sura ya Sita: Meno ya Mtoto Si Kipimo cha Maji

Katika vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru wapo watu wazima ambao kiganja huwahi mdomo kila wanapocheka. Mgeni hudhani ni haya. Mwenyeji anajua kwamba wanaficha meno. Meno yenyewe yana madoa ya rangi ya chai ya rangi, kwa wengine kahawia iliyokolea, na kwa waliozidiwa yana vishimo vidogo kama vya tofali lililoliwa na mvua. Tanzania nzima wapo wanaomtambua mtu wa Arusha kwa meno hayo kabla hajasema kwao ni wapi. Hufanyiwa utani, na anayetaniwa hujitahidi kucheka pamoja nao, kiganja kikiwa mdomoni.

Meno hayo ni majibu ya kipimo cha maji. Yalianza kuharibika yakiwa bado ndani ya fizi, mtoto akiwa na mwaka mmoja, miwili, mitatu, wakati ganda gumu la meno ya ukubwani linajengwa. Kila kikombe alichokunywa kilikuwa na floraidi kupita kiasi. Hakuna aliyejua, kwa sababu maji yalikuwa meupe, baridi na matamu. Alipofika darasa la kwanza au la pili, meno ya utoto yakang'oka, mapya yakachomoza na doa lake, na hapo ndipo nyumba nzima ikajua kisima chao kina nini. Kipimo kilitoa majibu baada ya miaka mitano au sita, na kilitoa majibu mdomoni mwa mtoto.

Sura hii inahusu kipimo cha aina nyingine: molekuli zinazokutana na sumu majini na kutangaza habari hiyo kwa nuru. Wanakemia wamezishughulikia kwa zaidi ya miaka 150. Nimeziandikia sura nzima kwa sababu naamini hakuna mahali zinapohitajika kuliko kwenye ndoo zetu.

Robo ya kijiko katika tangi

Wahenga walisema sumu haionjwi. Tatizo letu ni kwamba hii tunaionja kila siku na ulimi hausemi kitu.

Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Chukua tangi la lita 1,000, lile jeusi la plastiki linalowekwa juu ya paa. Kiasi hicho ni gramu moja na nusu katika tangi zima, sawa na robo ya kijiko cha chai cha chumvi. Chini ya hapo, floraidi kidogo huimarisha meno, ndiyo maana imo katika dawa ya mswaki. Ikizidi, huchafua meno, na ikizidi sana kwa miaka mingi huingia mifupani, ikakakamaza viungo na kupinda miguu ya watoto.

Bonde la Ufa limejaa miamba ya volkano iliyobeba floraidi. Maji ya ardhini yanapopita katika miamba hiyo huiyeyusha na kuondoka nayo. Kwingineko duniani, kalisi iliyomo majini huikamata floraidi na kuigandisha ikarudi kuwa jiwe. Maji mengi ya Bonde la Ufa yana magadi mengi na kalisi kidogo, hivyo floraidi hukosa wa kuikamata, ikasafiri hadi kisimani. Katika maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, floraidi huhesabiwa kwa mamia ya miligramu kwa lita. Hakuna anayekunywa maji ya maziwa hayo, lakini chemchemi na visima vya jirani vinatoka katika nchi hiyo hiyo. Magadi nayo, yale ambayo mama hutia katika sufuria ya makande au maharage ili yaive upesi, yanaweza kuleta floraidi nyingine mezani.

Kuchemsha hakusaidii. Moto huua vijidudu, lakini floraidi haifi wala hairuki na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, yale yaliyobaki yamekolea zaidi.

Ipo njia ya uhakika ya kuipima, elektrodi yenye fuwele ya lanthani floraidi, iliyotangazwa na Frant na Ross mwaka 1966. Hadi leo ndiyo tegemeo la maabara nyingi. Lakini elektrodi inataka mita, vimiminika vya kusawazishia, na mtu aliyefunzwa. Kisima cha kijijini kikichukuliwa sampuli leo, chupa hupanda gari kwenda mjini, na wakati majibu yanasubiriwa mtoto anaendelea kunywa.

Kwinini na taa ya kukagulia noti

Ili kuelewa njia ya nuru, fanya jaribio dogo. Tafuta taa ya zambarau ya kukagulia noti, ile inayokaa juu ya meza ya wakala wa fedha. Nunua chupa ya soda ya toniki, ile chungu yenye kwinini. Mimina katika glasi mbili, zima taa ya chumbani, kisha zimulike glasi kwa taa ya noti bila kuitazama taa yenyewe machoni. Soda isiyo na rangi itawaka buluu, buluu ya baridi kama ya moto wa gesi. Sasa tia kijiko cha chumvi katika glasi moja, koroga taratibu maana itafurika povu, na tazama. Buluu inafifia. Glasi ya pili bado inawaka.

Umeona kihisi cha kemia kikifanya kazi. Kwinini, dawa ile ile iliyowatibu wazee wetu malaria, imekujulisha kwamba ndani ya maji kuna ioni za kloridi, zile zinazotoka kwenye chumvi ikiyeyuka.

Mtu wa kwanza kuueleza mng'ao huu vizuri ni George Gabriel Stokes, mzaliwa wa Ireland aliyefundisha Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1852 aliutawanya mwanga wa jua kwa prizimu, rangi zikajipanga kuanzia nyekundu hadi urujuani, kisha akapitisha mrija wa kwinini katika rangi hizo moja baada ya nyingine. Kwenye nyekundu hakuna kitu. Kwenye kijani hakuna kitu. Alipoupeleka mrija nje ya urujuani, mahali ambapo jicho linaona giza tu, kwinini ikawaka buluu. Kwinini ilikuwa inapokea mwanga usioonekana, ambao leo tunauita urujuanimno, na kuutoa tena ukiwa mwanga unaoonekana. Molekuli inapokea nishati kubwa, inapoteza kidogo kama joto, na iliyobaki inairusha nje kama nuru ya nishati ndogo zaidi. Yote hayo hufanyika katika sehemu chache za bilioni ya sekunde.

Ni Stokes huyo huyo aliyeona, mwaka 1869, kwamba kwinini hufifia ikitiwa asidi ya haidrokloriki. Ioni ya kloridi huigonga molekuli iliyosisimka na kuipokonya nishati kabla haijaitoa kama nuru. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1867, Friedrich Goppelsröder alikuwa ameonyesha kinyume cha jambo hilo. Alichukua morini, rangi ya manjano inayotoka katika mti wa jamii ya mforsadi, akaikutanisha na alumini, na rangi hiyo ikawaka kijani. Kwa hiyo tangu mwanzo njia zilikuwa mbili: ioni inayozima taa na ioni inayowasha taa.

Stokes aliuita mwanga huo fluoresensi, jina alilolitoa kwa jiwe linaloitwa floraiti, ambalo baadhi ya vipande vyake hung'aa namna hiyo. Jiwe hilo ni kalisi iliyoshikana na floraidi. Jina la floraidi nalo limetoka humo humo. Kenya ilichimba jiwe hili kwa miongo kadhaa huko Kimwarer, katika Bonde la Kerio. Jina la sumu inayochafua meno ya watoto wetu na jina la nuru inayoweza kuifichua ni ndugu wa tumbo moja.

Mtoto na koroboi

Karne moja baadaye wanakemia waliacha kusubiri bahati wakaanza kuzichora molekuli wenyewe. Miongoni mwa waliofungua njia ni Anthony Czarnik nchini Marekani na A. Prasanna de Silva, mzaliwa wa Sri Lanka aliyefanya kazi yake Belfast. Kihisi cha mtindo wao kina sehemu tatu: taa, kiti cha kukalia ioni, na kamba fupi inayoviunganisha.

Fikiria koroboi mezani na mtoto mtundu ameketi kando yake. Kila ukiiwasha, anaipuliza. Chumba kinabaki giza. Siku moja mgeni anaingia, anamkumbatia mtoto na kumpakata. Mtoto sasa ameshughulika na mgeni, na koroboi inawaka bila kuzimwa. Anayepita nje akiona mwanga dirishani anajua: mgeni amefika.

Mtoto ni elektroni mbili zilizokaa juu ya atomu ya naitrojeni katika kiti. Molekuli inapopokea mwanga, elektroni moja huruka kwenye taa na kuizima. Ioni ya metali ikija kukaa kitini, huzivuta elektroni hizo na kuzishikilia, na taa huwaka. Ukibadilisha umbo la kiti unabadilisha mgeni anayekaribishwa: kiti kipana kwa potasiamu, chembamba kwa sodiamu, chenye salfa kwa metali zinazopenda salfa. Hii si ndoto ya maabara. Vihisi vya nuru vya sodiamu na potasiamu vilivyotokana na mawazo haya vimetumika kwa miaka mingi katika mashine ndogo za kupima damu hospitalini.

Paka wa Minamata

Sumu inayopenda salfa kuliko zote ni zebaki. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita, Chunya na Migori wanaijua kwa mikono yao. Huichanganya na mchanga uliosagwa ili ikamate dhahabu, kisha huichoma, na mvuke wake huingia mapafuni. Inayomwagika huenda mtoni, na huko chini ya tope bakteria huigeuza kuwa methili zebaki, inayopanda kutoka kwa vijidudu hadi samaki na kutoka kwa samaki hadi mezani.

Dunia ilijifunza hayo Minamata, Japani. Kiwanda kilitiririsha taka zenye zebaki kwenye ghuba, watu wakaendelea kula samaki. Walioanza kuonyesha dalili walikuwa paka wa wavuvi, waliopepesuka, wakazunguka kama wanaocheza ngoma, wakaanguka. Mwaka 1956 ugonjwa ukatangazwa rasmi kwa binadamu, wakiwemo watoto. Paka walikuwa kipimo cha kwanza na watoto walikuwa cha pili. Tangu nisome habari hiyo sijaweza kuyatazama meno ya kahawia ya Meru kama suala la urembo. Palipo na sumu na hapana kipimo, mwili wa aliye dhaifu hugeuzwa kuwa kipimo.

Zebaki inawasumbua watengenezaji wa vihisi kwa sababu ni atomu nzito, na atomu nzito zina tabia ya kuzima mng'ao wa rangi nyingi zikizikaribia. Mwaka 1992 Czarnik na mwenzake Chae walionyesha njia ya kuikwepa tabia hiyo: badala ya kumpa mgeni kiti, mtegee mtego. Rangi ya rodamini inaweza kufungwa umbo lake kwa pete ya atomu, na ikifungwa haina rangi wala haiwaki. Mwaka 2005 watafiti wa Korea Kusini waliifunga kwa namna ambayo zebaki, kwa uroho wake wa salfa, huivuta salfa iliyomo, pete inafunguka, na maji meupe yanageuka waridi na kuwaka. Mtego huu hufyatuka mara moja tu, kama wa panya, na hauwekwi tena. Lakini kwa maji ya kunywa, mara moja inatosha.

Ioni inayovaa maji

Ungedhani floraidi, ikiwa imeenea hivi, ingekuwa imeshapata kihisi chake zamani. Ugumu wake ni huu: floraidi ni ndogo sana, na kwa udogo huo maji huizunguka na kuikumbatia kwa nguvu kuliko yanavyoikumbatia kloridi au ndugu zake wengine. Ili kihisi kiiguse, lazima kwanza kiivue vazi hilo la maji. Vihisi vingi vya floraidi vilivyoandikwa katika majarida ya kemia vinang'aa vizuri ndani ya asetonitrili au kiyeyushi kingine cha maabara. Vikitiwa katika maji ya kisima, havisemi kitu. Kwetu sisi kihisi cha namna hiyo hakina kazi, maana hakuna mama anayechota asetonitrili.

Zipo atomu ambazo floraidi huzipenda kiasi cha kukubali kuvua vazi lake. Moja ni silikoni: rangi ikifungwa kwa kufuli la silikoni, floraidi hulikata kufuli na rangi hung'aa. Nyingine ni boroni. Mwaka 2019 kundi la Kyriakos Stylianou katika chuo cha EPFL, Uswisi, lilitangaza unga unaoitwa SION-105, uliojengwa kwa metali ya europiamu na viungo vyenye boroni. Ukimulikwa kwa urujuanimno unga huo unawaka wenyewe. Floraidi ikifika, hushika boroni na mwanga unapungua kadiri floraidi inavyozidi. Waliujaribu kwa maji halisi ya ardhini kutoka Vietnam, Falme za Kiarabu na Saudi Arabia, kwa kifaa cha kubebeka na maji yasiyofika hata mililita moja.

Jirani yetu wa karibu zaidi ni kipimo kilichofika Kenya. Mwaka 2012 maabara ya Ronald Breaker, Chuo Kikuu cha Yale, ilitangaza kwamba bakteria wengi wana swichi ya RNA inayohisi floraidi na kuwasha kinga yao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern waliichukua swichi hiyo, wakaikausha ndani ya kichupa pamoja na vifaa vya kutengenezea rangi, wakaipeleka kwenye nyumba za watu katika Kaunti ya Nakuru. Unadondoshea maji ya kwenu na kusubiri. Yakigeuka manjano, floraidi imezidi. Kipimo hicho kinasema kwa rangi badala ya mng'ao, lakini mafanikio yake ni yale yale tunayoyatafuta: majibu yalitoka mezani kwa mwenye maji.

Giza lina maelezo mengi

Sitaki msomaji aondoke akidhani kazi imekwisha. Maji ya kweli yana ujanja kuliko maji ya maabara. Maji yaliyopita kwenye majani yaliyooza na udongo mweusi yana asidi za hiumiki, nazo zenyewe hung'aa buluu chini ya taa ya urujuanimno. Kihisi chako kikiwaka rangi hiyo hiyo, huwezi kujua anayesema ni nani. Fosfeti inaweza kujifanya floraidi. Magadi hubadili hali ya maji, na rangi iliyotulia katika maji ya kawaida inalegea.

Kisha kuna vihisi vinavyojibu kwa kuzimika. Giza lina maelezo mengi: huenda sumu ipo, huenda betri ya taa imechoka, huenda unga umeharibiwa na joto la stoo. Ndiyo maana wanakemia makini hupendelea kihisi kinachowaka, au bora zaidi, kinachobadili rangi, tuseme kutoka buluu kwenda kijani. Ukilinganisha rangi hizo mbili, uchovu wa taa na tope la maji haviharibu jibu, kwa sababu huzipunguza zote pamoja. Kamera ya simu inaweza kufanya ulinganisho huo ndani ya kisanduku cheusi cha bei ndogo.

Swali la kumuuliza kila anayekuletea kihisi kipya ni moja: umekijaribu kwa maji ya nani?

Mkaa wa mifupa unapochoka

Wapo watakaouliza, tukishajua, tutafanya nini? Kuna la kufanya. Kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanyia kazi kwa miaka mingi uchujaji wa floraidi kwa mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe iliyochomwa katika moto usio na hewa nyingi, ikasagwa, maji yakapitishwa juu yake. Madini ya mfupa huikamata floraidi kama mfupa wa mwilini unavyoikamata, ila huu haumuumi mtu. Yapo pia maji ya mvua, na mara nyingi kipo kisima cha jirani chenye floraidi kidogo, kwa sababu visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana sana.

Lakini mkaa huchoka. Nafasi zake zikijaa, maji hupita na floraidi yake yote, meupe na matamu kama jana. Familia iliyonunua chujio inaendelea kuliamini na mtoto anaendelea kunywa. Hapa ndipo kihisi cha bei ya chini kina thamani kuliko mashine yoyote ya mjini: kuiambia familia ile, leo, kwamba chujio lao limekwisha.

Kwa vijana wanaosoma kemia Arusha, Nairobi, Dar es Salaam na Eldoret, kazi hii ni yenu. Maji magumu zaidi duniani ya kujaribia kihisi cha floraidi yako nyuma ya nyumba zenu, na molekuli itakayosema kweli ndani ya maji ya Meru itasema kweli popote. Kwa kamati za maji, bandikeni kiwango cha floraidi cha kila kisima pale pale kwenye bomba, kwa namba kubwa, pamoja na tarehe ya kupimwa.

Na kwako mzazi unayeishi nchi ya volkano, uliza namba moja tu: maji yetu yana miligramu ngapi za floraidi kwa lita? Ikizidi 1.5, tafuta maji mengine kwa ajili ya mtoto wako aliye chini ya miaka minane, hata kama wengine wote nyumbani mtaendelea na yale yale. Meno yake ya ukubwani yanajengwa sasa hivi, na hujengwa mara moja.